Kujifunza kurusha ngumi ukiwa Kigoma: wiki nane za kwanza, bila jimu na bila kuvunja mkono

Kila wiki naulizwa maswali yaleyale. Yanatoka kwa vijana wa Mwanga, Gungu na Katonga, na juzi kwa dada wawili wa Ujiji walionisimamisha sokoni: Kocha, tuanzie wapi? Nikipiga ukuta kila siku ngumi itakomaa? Sina glovu, nisubiri mpaka nipate? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja ili ukianza jioni ya leo uanze vizuri.

Nikiwa na miaka 19 nilivunjika mfupa wa mkono wa kulia. Nilikuwa napiga kiroba cha mchanga kilichoning'inizwa kwenye mwembe, mkono mtupu, nikiamini najikomaza. Kifundo cha kidole kidogo kilizama na hakijarudi mpaka leo. Ukinipa mkono utahisi shimo pale panapotakiwa kuwa na nundu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kibirizi alinionyesha mkono wake umevimba mahali palepale. Amekuwa akipiga shina la mchikichi kila asubuhi kwa sababu alimwona mtu kwenye simu akifanya hivyo. Iliniuma sana, maana kijana yule ana bidii kuliko wengi ninaowafundisha.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: uzito wa ngumi unatoka ardhini. Unapanda mguuni, unapita nyonga, unaishia kwenye vifundo viwili vya vidole. Mkono ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi.

Vitu vya kuwa navyo

- Bendeji mbili, kila moja urefu wa mita 4 na nusu hivi na upana wa sentimita 5. Ukikosa za ngumi, chukua bendeji za kuvutika duka la dawa, au chana shuka kuukuu la pamba. Kitambaa kinachoteleza hakifai.
- Kamba ya kuruka. Kipande cha kamba ya nailoni ya mitumbwi kinatosha. Ikanyage katikati kwa mguu mmoja. Ncha zake zifike kwapani.
- Raba nyepesi. Usikimbie na ndala.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kitochi inafanya kazi hiyo vizuri.
- Uwanja tambarare wa hatua nne kwa nne, usio na mawe wala chupa.
- Maji ya kunywa lita moja, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Usinywe ya ziwani eti kwa sababu yanaonekana maangavu. Na ukitaka kuoga baada ya mazoezi, epuka maji yaliyotulia yenye majani kando ya ufukwe, maana kichocho kipo Ziwa Tanganyika.
- Glovu za wakia 12 au 14, lakini hizo utazihitaji kuanzia wiki ya tano. Ukinunua za mtumba, bonyeza sponji kwa gumba pale penye vifundo. Sponji ikibonyea mpaka gumba lihisi upande wa pili, ziache.

Kama una presha, pumu, kifafa au tatizo la moyo, au una ujauzito, zungumza na daktari kwanza.

Jambo la saa ni muhimu hapa kwetu. Watu wa Dar wanashauri kukimbia saa kumi na moja alfajiri, na vijana wanaiga. Jua la Kigoma linachelewa karibu dakika 40 nyuma ya la Dar. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza na bodaboda hawakuoni. Toka saa moja kasoro robo, au subiri jioni. Mimi napenda saa kumi na moja jioni, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 9.

Hatua

1. Tafuta pumzi (wiki ya 1 na ya 2). Siku tatu kwa wiki, dakika 20: kimbia dakika mbili, tembea dakika moja, rudia. Mji wetu umepanda mlima, tumia hilo. Anzia stesheni ya reli, panda barabara ya Lumumba kuelekea Mwanga kwa kutembea haraka, kisha tafuta sehemu tambarare ukimbie. Wakati wa kushuka usijiachie, magoti yatakudai. Mchanga wa ufukweni unajenga kigimbi, ila mwanzoni usizidishe dakika kumi. Mshipa wa nyuma ya kisigino ukikasirika utakaa wiki kadhaa.

Baada ya kukimbia, ruka kamba sekunde 30, pumzika 30, mara kumi. Ruka chinichini, kiasi cha kamba kupita tu, na utue kwa sehemu ya mbele ya nyayo.

2. Imarisha mwili. Siku mbili kwa wiki, mizunguko mitatu: pushapu 10, skwati 20, kisha lala kama ubao ukiegemea viwiko kwa sekunde 20. Pushapu zikikushinda, weka mikono juu ya benchi au ukutani na ushuke kidogokidogo kadiri wiki zinavyokwenda. Hakuna aibu. Pushapu kumi safi zina faida kuliko arobaini za kupinda mgongo.

3. Kunja ngumi. Hapa nenda polepole.

Fungua kiganja. Kunja vidole vinne kuanzia ncha, uviingize mpaka viguse kiganja. Kidole gumba kipite nje na kilale juu ya kidole cha shahada na cha kati. Kisitokeze mbele, wala kisifichwe ndani. Kikiwa ndani, ngumi ya kwanza ikigonga kitu kigumu ndicho kitakachovunjika.

Sasa nyoosha mkono. Laza rula au kijiti kilichonyooka kuanzia kifundo cha kidole cha kati kuja mkononi: kilale bila kubakiza nafasi kubwa chini yake. Sehemu inayogonga ni vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati. Viwili vya mwisho vimebebwa na mifupa myembamba, na ndiyo iliyonivunjikia mimi.

Jipime: simama karibu na ukuta, weka vifundo hivyo viwili ukutani, egemea taratibu kwa uzito wa mwili. Unasukuma, hupigi. Mkono ukikunjika pale kwenye kifundo cha mkono, rudi mwanzo urekebishe.

4. Funga bendeji. Tia kitanzi kwenye gumba. Pitisha bendeji mgongoni mwa mkono, izungushe mara tatu kwenye kifundo cha mkono. Tanua vidole, panda uzungushe mara tatu juu ya vifundo vya vidole. Kisha pita kati ya kidole kidogo na cha pete, rudi kwenye gumba. Kati ya cha pete na cha kati, rudi. Kati ya cha kati na cha shahada, rudi. Zungusha gumba mara moja, vifundo mara moja tena, umalizie kwenye kifundo cha mkono.

Ukikunja ngumi bendeji ikaze, ukifungua ilegee. Vidole vikianza kuwa vya baridi au kufa ganzi, umekaza mno. Zifue kila baada ya mazoezi na uzianike. Bendeji yenye jasho la juzi inaleta vipele.

5. Simama. Chora mstari mchangani. Anayetumia mkono wa kulia aweke mguu wa kushoto mbele, upande wa kushoto wa mstari, na wa kulia nyuma, upande wa kulia. Wa mashoto afanye kinyume. Miguu isilale juu ya mstari mmoja, maana ukiguswa bega tu utaanguka. Upana ni kama wa mabega. Magoti yakunjwe kidogo, kisigino cha nyuma kinyanyuke kiasi cha kupitisha kiberiti kilicholazwa.

Mikono ikae mashavuni, viwiko vishuke kulinda mbavu. Kidevu kiwe chini, kama umebana embe dogo kati yake na kifua. Ukae hivyo dakika mbili bila kurusha chochote. Mabega yatawaka moto. Kaa tu.

6. Tembea. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaanza, wa nyuma unafuata. Ukirudi, wa nyuma unaanza. Kushoto, wa kushoto. Kulia, wa kulia. Miguu isikutane na isipishane. Fanya raundi tatu za dakika mbili kila siku ya mazoezi mpaka uache kuifikiria. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haina raha, kisha mwezi wa pili naona miguu inagongana kila wakirusha ngumi mbili.

7. Jifunze jabu (wiki ya 3). Ni ngumi ya mkono wa mbele, na ndiyo utakayoitumia kuliko zote. Toka shavuni moja kwa moja kwenda mbele. Kiwiko kisitanuke pembeni kama bawa la kuku. Mkono ukikaribia kunyooka, geuza ngumi ili kiganja kiangalie chini, na bega lipande lifunike kidevu. Toa pumzi fupi kwa meno. Halafu rudi kwa njia ileile, haraka kuliko ulivyokwenda.

Kiwiko usikifunge kabisa hewani. Acha kijikunje kidogo tu, la sivyo kitauma kabla wiki haijaisha.

Mkono wa nyuma wakati huo unafanya nini? Uko shavuni, hauendi popote. Rusha jabu 50 taratibu, ukihesabu kwa sauti. Ukipoteza umbo, simama, panga miguu, endelea.

8. Ngumi ya nyuma (wiki ya 4). Mtazame mvuvi anayevuta wavu pale Katonga. Mikono imeshika kamba, lakini kinachovuta ni miguu na mgongo. Ngumi ya nyuma ni hivyohivyo, ila inasukuma.

Anza na mguu wa nyuma: zungusha unyayo kwa ncha, kisigino kitoke nje, kama unasaga kitu chini ya kiatu. Nyonga ifuate. Bega lifuate nyonga. Mkono utoke mwisho, kutoka shavuni, bila kuvutwa nyuma kwanza. Kuvuta mkono nyuma ni kumpigia mwenzio simu kumwambia unakuja.

Jifunze kwanza bila mkono: weka mikono yote miwili kifuani na ugeuze mguu na nyonga mara 30. Ukishaona kiuno kinazunguka chenyewe, ongeza ngumi. Kisha unganisha: moja ni jabu, mbili ni ya nyuma. Makocha wanahesabu hivyo, "moja, mbili!", na mwili unaitikia.

Vijana wengi walianza kunijia baada ya bondia wetu Hassan Mwakinyo kummaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018. Wanataka ngumi za kumaliza pambano wiki ya kwanza. Naelewa hamu hiyo, hata mimi nilishangilia. Lakini hakuna bondia aliyefika huko bila jabu elfu nyingi za kuchosha.

9. Piga shado, yaani rusha ngumi hewani bila mpinzani. Jioni jua linaposhuka ziwani kuelekea milima ya Kongo, lipe mgongo na utazame ukuta wa nyumba. Kivuli chako kitasimama mbele yako, kirefu na cheusi, na hakikufichi kitu. Ukishusha mkono wa nyuma utaona kichwa kimebaki peke yake. Ukiinua kidevu utaona shingo. Hiyo ndiyo sababu napenda saa kumi na moja jioni: ni kioo bila kununua kioo.

Raundi tatu za dakika mbili, pumziko dakika moja. Raundi ya kwanza miguu na jabu tu. Ya pili moja-mbili. Ya tatu changanya, huku ukitembea.

10. Tengeneza begi (wiki ya 5). Usijaze mchanga. Mchanga unashuka chini, unashindiliwa na kuwa jiwe. Chukua viroba viwili, ingiza kimoja ndani ya kingine, jaza nguo chakavu zilizokatwakatwa na ushindilie sawasawa kila unapoongeza. Uzito wa kilo 25 hadi 35 unatosha. Vishonee kipande cha turubai kwa nje, kwa sababu kiroba kinakwangua ngozi ya vifundo, kisha uvalishe wavu chakavu wa kuvulia na kuufunga juu. Wavu ndio utakaobeba uzito.

Ning'iniza kwenye tawi nene la mwembe. Weka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kati ya kamba na tawi ili visilane. Katikati ya begi pawe usawa wa kifua chako. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, liingize ndani kila siku. Nguo zikilowa begi linakuwa zito, gumu, na linanuka.

Anza kwa nusu ya nguvu, bendeji na glovu zikiwa mkononi. Raundi tatu za dakika mbili. Simama umbali ambao jabu ikinyooka inagusa begi na kulisukuma kidogo. Nguvu ongeza kidogo kila wiki, na mikono ikiwa inauma asubuhi yake, hujakomaa, umezidisha.

11. Ngumi ya pembeni, apakati na teke la mbele (wiki ya 7). Hizi nazigusa tu, maana zinahitaji macho ya mtu. Ngumi ya pembeni: kiwiko kimekunjwa, kiko usawa wa ngumi, na mwili mzima unageuka. Apakati: shusha magoti, panda na ngumi kutoka chini. Teke la mbele, wanalolitumia sana wa karate: inua goti kwanza, kisha nyoosha mguu na ugonge kwa nyama ya unyayo iliyo chini ya vidole, vidole vikiwa vimevutwa nyuma, na urudishe goti kabla ya kuweka mguu chini.

12. Fanya na mwenzio (wiki ya 8). Mmoja anyanyue viganja vyenye pedi au ndala zilizofungwa mikononi, mwingine aguse kwa moja-mbili, taratibu. Kupigana kwa kweli, hasa kupigana kichwani, kusubiri mpaka uwe na kocha anayesimama pale, kinga ya meno na kofia. Hapa sina mjadala na mtu.

Wiki inavyokaa

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: kimbia, ruka kamba, kisha mbinu za wiki husika. Jumanne na Alhamisi: hatua ya 2. Jumamosi tembea au ogelea. Jumapili lala. Kila siku anza kwa dakika kumi za kupasha mwili na umalize kwa kunyoosha viungo.

Mlo mkubwa uule mapema, muda wa saa mbili au zaidi kabla ya mazoezi. Watu wananiuliza kuhusu unga wa misuli wa madukani. Tunaishi penye dagaa, migebuka na maharage. Kula hivyo na ugali wako, weka pesa kwenye bendeji.

Ikikwama

*Kifundo cha mkono kinauma nikipiga begi.* Ngumi inagonga ikiwa imepinda, au uko karibu mno. Rudi kwenye kipimo cha ukuta cha hatua ya 3, na upige nusu nguvu wiki nzima.

*Naishiwa pumzi raundi ya kwanza.* Karibu kila mara ni kwa sababu unabana pumzi. Toa pumzi kwa kila ngumi, ukisikia sauti yake. Ukiwa husikii, hupumui.

*Ngumi yangu nyepesi.* Mwombe mtu akurekodi miguu tu. Kama kisigino cha nyuma hakigeuki, jibu umelipata.

*Mabega yanachoka, mikono inashuka.* Ilegeze mikono kati ya ngumi. Wanaoanza wanakaza misuli raundi nzima, hata wakiwa hawarushi.

*Nafumba macho.* Mwenzio akuguse paji la uso na mabega kwa kiganja, polepole, dakika mbili kila siku, wewe ukizuia kwa mikono. Yatazoea.

*Muundi unauma nikikimbia.* Punguza umbali kwa nusu, hamia njia ya udongo, angalia kama raba imekwisha soli. Maumivu yakiwa kwenye nukta moja ya mfupa na hayaishi ukipumzika, acha kukimbia ukaonwe.

*Mkono umevimba, kifundo kimezama au kidole kinapinda ukikunja ngumi.* Vua pete kama unayo, uinue mkono, weka kitu cha baridi, uende hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu upigwe picha. Usikandwe wala kuvutwa na mtu. Mimi nilikandwa kwanza, na ndiyo sababu kifundo changu kiko kilivyo.

*Nilipigwa kichwani nikaona nyota.* Mazoezi ya siku hiyo yameisha. Ukitapika, ukisahau mambo, ukisinzia ovyo au kichwa kikizidi kuuma, nenda hospitali usiku uleule, ukiwa na mtu. Kwenye ngumi za ridhaa, bondia aliyezimishwa kwa kipigo cha kichwa huzuiwa kupanda ulingoni kwa siku 30 angalau. Kanuni hiyo ifuate hata kama ulipigwa chini ya mwembe na hakuna refa aliyeona.

*Nimekosa wiki mbili kwa msiba au kazi ya ziwani.* Rudi hatua mbili nyuma ya ulipoishia, fanya siku tatu, kisha endelea.